Filta ya Racor 500FG: tathmini baada ya misimu mitatu ya kusi katika mlangobahari wa Mafia

Boti ninayoizungumzia ni ya mbao, ina urefu wa mita 11, na kazi yake ni kupeleka barafu na bidhaa za dukani kutoka Nyamisati, upande wa bara, hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, na kurudi na samaki. Injini yake ni Yanmar 3YM30, dizeli ya silinda 3 yenye nguvu za farasi 29. Tulipoinunua ilikuwa na filta moja tu ya mafuta, ile ndogo inayokaa ubavuni mwa injini yenyewe, na kati ya filta hiyo na tangi hapakuwa na kitu zaidi ya bomba la mpira na koki. Misimu mitatu ya kusi iliyopita niliongeza hapo katikati filta ya Racor 500FG, inayotengenezwa na kampuni ya Parker ya Marekani, na tangu wakati huo nimeifungua mara nyingi kiasi cha kuweza kusema bila kusitasita ni kipi kinachostahili sifa na kipi kinachodai tahadhari. Nitaendelea kuiita filta, kwa kuwa sijaona muuza vipuri aliyenielewa haraka nilipomwomba chujio. Neno chujio nitaliacha litumike kwa kile kitu cha karatasi cha ndani ambacho hutolewa na kutupwa.

Mtu aliyezoea magari anaweza kuuliza kwa nini injini ndogo namna hii ihitaji filta mbili. Jibu liko katika njia inayopitiwa na dizeli kabla haijafika kwenye tangi la boti. Mafuta hununuliwa kituoni yakiwa safi, kisha humiminwa kwenye madumu ya lita 20 ambayo pengine juzi yalibeba maji, hupakiwa nyuma ya pikipiki au juu ya magunia hadi ufukweni, na humiminwa tena kwa faneli huku upepo ukirusha mchanga na rasharasha za maji ya chumvi. Tangi lenyewe nalo lina lake. Likiachwa nusu, hewa yenye unyevu iliyomo juu ya mafuta hupoa usiku, na unyevu huo huwa matone kwenye kuta za tangi na kuteremka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutulia sakafuni, na pale yanapokutana na mafuta huota bakteria na kuvu ambao huacha utando mweusi wenye kuteleza kama mlenda. Boti ikiwa imetia nanga, uchafu wote huo umelala na hakuna anayeujua. Siku kusi inapokaza na chombo kikaanza kupanda na kushuka, tangi hutikiswa kama kibuyu cha maziwa, uchafu huamka wote kwa pamoja, na filta ndogo ya injini huziba ndani ya nusu saa. Hayo yalitupata mara mbili katika mwaka mmoja, na mara ya pili tuliingia Kilindoni tukiwa tumevutwa kwa kamba na wavuvi waliotuonea huruma.

Wala kuziba si ubaya wote, kwa maana injini iliyozimika kwa kuziba huwaka tena ikisafishwa. Maji yanayopenya hadi kwenye pampu na nozeli hufanya uharibifu wa gharama zaidi. Sehemu hizo zimechongwa kwa nafasi finyu mno kati ya kipande na kipande, na kilainishi chake ni dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Maji yakishika nafasi ya dizeli, vyuma husagana na kutu huanza, na baada ya hapo hakuna fundi wa Kilindoni atakayekusaidia isipokuwa kwa kuifunga pampu kwenye boksi na kuipeleka Dar es Salaam.

Racor 500FG imeundwa kwanza kwa ajili ya maji hayo, na uchafu unafuata. Mafuta yakiingia huzungushwa kwa kasi, na katika mzunguko huo maji na takataka nzito hutupwa pembeni na kuzama katika bakuli la plastiki angavu lililo chini. Vitone vidogo vilivyobaki hukutana, huungana na kuwa vikubwa, navyo hudondoka vikifuata vingine. Mwisho kabisa mafuta hupenya karatasi ya chujio. Kiwanda huipa filta hii uwezo wa kupitisha lita 227 kwa saa, ilhali injini yangu hata ikikazwa mpaka mwisho haichomi lita 10 kwa saa. Nilipoisoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliona nimenunua sufuria ya harusi kwa ajili ya kuchemshia chai ya watu wawili. Nimebadilisha mawazo. Chujio kubwa huchelewa kuziba, na katika pwani ambayo ubora wa mafuta hubadilika kutoka dumu hadi dumu, ukubwa huo ndio unaokufikisha.

Sifa kubwa ya filta hii, na ndiyo inayonifanya niandike, ni kwamba chujio lake hubadilishwa kutokea juu. Filta nyingi za bei nafuu ni za kopo linalofunguliwa kutokea chini: ukilifungua, mafuta hukumwagikia mikononi na kwenye sakafu ya boti, na ukilifunga tena huwa umeingiza hewa ambayo itakubidi uitoe. Hapa mambo ni tofauti. Kwanza hufungwa koki ya tangi, ambalo ni jambo la lazima ikiwa tangi liko juu ya filta, kwani mfuniko ukifunguliwa mafuta yatapanda na kufurika. Ikiwa tangi liko chini, koki hufungwa vilevile ili mafuta yasirudi tangini na kuacha bomba tupu. Kisha hulegezwa koki ndogo ya chini ya bakuli na kutoa maji na uchafu kwenye kopo, pamoja na mafuta kidogo ili kimo kishuke. Kishikio cha juu, ambacho kina umbo la herufi T, hufunguliwa kwa mkono, mfuniko hutoka, na chujio la zamani huvutwa juu kwa kulizungusha polepole. Chujio jipya hushushwa kwa mzunguko uleule, filta hujazwa dizeli safi mpaka ukingoni, mipira mipya ya kuzibia mfuniko na kishikio hupakwa mafuta na kuwekwa mahali pake, na mfuniko hufungwa kwa nguvu ya mkono tu. Kwa kuwa umeijaza mwenyewe kabla ya kufunga, hewa inayobaki ni kidogo mno, na mara zote ambazo nimefuata utaratibu huu bila kuruka hatua, injini imewaka pasipo kufungua kitu kingine. Kazi nzima hunichukua dakika 10 nikiwa bandarini. Baharini, nikiwa nimepiga magoti na kichwa kikigonga mbao za sitaha, hunichukua 20.

Dizeli hiyo ya kujazia ni lazima iwe ndani ya boti kabla ya safari. Mimi huweka chupa mbili za lita moja moja, zilizofungwa vizuri, za mafuta niliyoyatuliza siku kadhaa na kuyachuja. Kujazia filta mpya kwa mafuta ya tangi lilelile lililoiziba ile ya zamani ni kazi bure.

Sasa nije kwenye tahadhari, na hapa ndipo wengi huilaumu filta kwa kosa ambalo si lake. Filta hii hukaa upande wa kuvuta, yaani kabla ya pampu ya mafuta. Pampu huyanyonya mafuta kupitia ndani yake, kama mtu anavyonyonya maji ya dafu kwa mrija, na mrija ukiwa na tundu, huvuti maji bali hewa. Maana yake ni kwamba mfuniko usiokaa sawasawa hautavuja dizeli nje ili uone alama. Kila kitu kitaonekana kikavu na kisafi, injini itawaka, itaunguruma vizuri kwa dakika kadhaa, kisha mlio utaanza kupanda na kushuka wenyewe, na hatimaye itazima. Yalinipata mimi mwenyewe katika badilisho langu la pili. Nilikuta mpira wa mfuniko wa zamani bado unaonekana mzuri, nikaamua kuurudisha ili ule mpya niuweke akiba, na uchoyo huo wa senti chache ulinigharimu asubuhi nzima nikitafuta tundu kwenye bomba ambalo halikuwa na tundu. Tangu siku hiyo mpira wa mfuniko na oringi ndogo ya kishikio, yaani mpira wa duara wa kuzibia, hubadilishwa pamoja na chujio, na ya zamani hukatwa kwa kisu papo hapo ili isije ikanishawishi tena. Ile oringi ya kishikio ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu ni ndogo na imejificha.

Kishikio hicho kisikazwe kwa spana. Nimeona boti mbili ambazo mfuniko wake umepata ufa kwa sababu kijana wa injini aliona mkono hautoshi. Mkono unatosha, ikiwa hewa bado inaingia, tafuta mchanga uliokaa chini ya mpira.

Kuhusu machujio yenyewe, yapo ya aina tatu, na hutambulika kwa rangi ya mfuniko wake wa juu: jekundu huzuia chembe za mikroni 30, la bluu za mikroni 10, na la kahawia za mikroni 2. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Wanunuzi wengi hudhani kwamba laini zaidi ndilo bora zaidi, wakanunua la kahawia, kisha wakalalamika kwamba linaziba kila wiki. Chujio la mikroni 2 lifaa kuwa la mwisho kabla ya pampu, mahali ambapo mafuta yamekwisha kusafishwa. Ukiliweka la kwanza, mbele ya tangi chafu, umemtuma mtoto kubeba gunia. Mimi nilianza na jekundu kwa muda, mpaka uchafu wa miaka ulipopungua, kisha nikahamia la bluu, na filta ndogo ya Yanmar imebaki kumalizia kazi.

Jaribu la kuokoa fedha kwa machujio ya bandia ni kubwa, nami niliwahi kujaribiwa nikashindwa. Katika duka moja la vipuri la Gerezani, Dar es Salaam, ambalo sina haja ya kulitaja, niliuziwa machujio matatu kwa bei isiyofika nusu ya ile niliyozoea, yakiwa kwenye maboksi yenye rangi na maandishi ya kushawishi. La kwanza lilifanya kazi kwa siku chache. Nilipolitoa, gundi iliyoshika karatasi kwenye mfuniko wake wa chini ilikuwa imeachia, karatasi imebonyea kuelekea ndani, na mafuta bila shaka yalikuwa yakipita kando kama maji ya mvua yanavyoupita mlango mbovu. Kilichosikitisha ni kwamba katika siku hizo zote injini haikulalamika hata mara moja, na bakuli lilionekana safi. Kumbe usafi huo ulikuwa wa uongo, kwani filta ndogo ya injini ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo wote. Chujio halisi huja na mpira wa mfuniko na oringi ya kishikio ndani ya boksi lilelile, mikunjo ya karatasi yake imepangika kwa usawa, na mkono wake wa kuvutia ni imara. Boksi lisilo na mipira halipaswi hata kufika kwenye mazungumzo ya bei.

Filta kubwa haiondoi wajibu wa kuitunza ile ndogo. Kwenye injini yangu huibadilisha kila baada ya saa 250 za kazi, au mwaka ukitimia kabla ya hapo, na kazi yake ndiyo yenye usumbufu kuliko ya Racor, kwa kuwa lazima kutoa hewa. Bolti ya kutolea hewa iliyo juu yake hulegezwa kidogo, kisha mkono mdogo wa pampu ya mafuta hupigwa polepole mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo bolti ikazwe huku mafuta yakiendelea kutoka. Ikitokea mkono huo ni mlegevu na hausukumi kitu, pampu haijaharibika. Ni kwamba injini imesimama mahali ambapo pampu imekwisha kubonyezwa, na dawa yake ni kuizungusha injini kidogo kisha kujaribu tena. Jambo jingine ambalo sikuelezwa na aliyenifungia injini, na ambalo lingeweza kuniangamizia mtambo wote: ikiwa utapiga stata kwa muda mrefu ukitafuta kuondoa hewa, funga kwanza koki ya maji ya bahari. Katika injini ambayo maji ya kupozea hutokea kwenye ekzosi, pampu ya maji huendelea kusukuma kila stata inapozunguka, lakini hakuna moshi wa kuyatoa nje, na maji hayo yakijaa yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Injini ikishawaka, koki ifunguliwe mara moja.

Bakuli angavu lina faida ambayo haionekani kwenye tangazo: limetufundisha nidhamu. Nahodha wangu, mzee ambaye amevuka mlangobahari huu tangu enzi za tanga tupu, hakuwa na imani na kitu chochote cha kununua, lakini siku alipoona kwa macho yake tabaka la maji chini ya dizeli, akawa yeye ndiye anayekagua bakuli kila asubuhi kwa tochi kabla ya kung'oa nanga. Maji yakionekana hutolewa. Nimeongeza pia geji ya mvuto, ambayo hufungwa juu ya mfuniko badala ya kishikio cha kawaida na kuonyesha pampu inanyonya kwa shida kiasi gani. Chujio likiwa jipya sindano haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Ikifika inchi 7 za zebaki, ambacho ni kipimo cha nguvu ya mvuto, injini ikiwa kwenye kasi ya safari, hubadilisha bila kungoja. Naishauri geji hiyo kuliko nyongeza nyingine yoyote, kwa sababu bila hiyo utabadilisha chujio mapema mno na kutupa fedha, au utachelewa mpaka injini ikuambie yenyewe, nayo haichagui mahali pa kusemea. Usomaji ufanywe injini ikiwa na mzigo; ikiwa inaunguruma tu bandarini, geji haikuambii kitu.

Yapo ambayo sikuyapenda. Matundu ya kuingizia na kutolea mafuta yana nyuzi za inchi 3/4 zenye meno 16 kwa inchi, ambazo si nyuzi za mafundi bomba wa kawaida, hivyo usitegemee kupata viungio vyake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nunua viungio siku ileile unayonunua filta. Viungio hivyo huziba kwa oringi, na fundi akianza kuzungushia tepu nyeupe ya mabomba mzuie, maana vipande vya tepu hukatika na kusafiri na mafuta. Pili ni nafasi. Filta ina kimo cha takriban sentimita 29, na juu yake lazima ibaki nafasi ya kutosha kulitoa chujio likiwa limesimama, kitu ambacho chumba cha injini cha boti ya mbao ya kwetu huwa hakina. Ilibidi nihamishe betri. Tatu ni bakuli lenyewe, ambalo ni la plastiki. Haliwezi kuoshwa kwa tina wala kemikali kali, maji ya sabuni yanatosha, na halina ulinzi dhidi ya moto. Kwa chumba cha injini kilichofungwa, hasa cha chombo kinachobeba abiria, kampuni hiyohiyo hutengeneza 500MA, ambayo ni ndugu yake mwenye kinga ya chuma chini ya bakuli, na kama ningekuwa nabeba watu badala ya samaki nisingenunua nyingine. Bei ni kubwa kwa zote mbili. Mwenye boti ndogo ya kutokea asubuhi na kurudi adhuhuri, ambaye haondoki machoni pa watu wa ufukweni, anaweza kutosheka na filta ya kopo yenye bakuli la kutenganishia maji, mradi akubali kuchafuka na kutoa hewa kila anapoibadilisha.

Jambo moja la pembeni kuhusu yale yanayotoka kwenye bakuli. Kilindoni iko jirani na maji ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, lakini hata pasingekuwa na hifadhi, samaki ninaowabeba ndio wanaoishi humo. Mafuta machafu na machujio ya zamani huingia kwenye dumu lenye mfuniko na kurudi Nyamisati.

Filta ya mafuta haijazima boti hii baharini tangu Racor ifungwe, isipokuwa ile asubuhi ya mpira wa zamani, ambayo kosa lake ni langu. Nilikuwa nimetenga fedha za kununua nyingine ya pili, ili nifunge mbili sambamba zenye koki ya kuhamishia mafuta kutoka moja hadi nyingine injini ikiwa inafanya kazi, mfumo ambao upo na ni mzuri kwa anayeuhitaji. Baada ya kuona kiasi cha mlenda mweusi kinachotoka kila kusi inapoanza, nimeahirisha. Fedha hizo zitakwenda kwanza kwa mchomeleaji, atoboe juu ya tangi nafasi ya kupitisha mkono na kuweka mfuniko, ili kabla ya Mei ijayo niweze kuingiza kitambaa na kulisafisha mpaka sakafuni.